Nani Anambeba Huko

Habari za jehanamu nilijifunzia Lodwar, na sidhani kuna mji mwingine nchini unaomrahisishia mwalimu wa dini kazi hiyo kama ule. Saa nane mchana, mabati yakilia kwa joto juu ya vichwa vyetu, katekista wetu alitundika ukutani picha yake kubwa ya karatasi ngumu: watu uchi, mikono juu, moto mwekundu ukiwapanda hadi mabegani. Alikuwa mzee mwembamba mwenye fimbo ya kuchungia, na fimbo hiyo ndiyo aliyotumia kutuonyesha kila dhambi na mahali pake.

"Mnaona hii? Joto ya huko inashinda hii ya kwetu."

Sisi watoto tuliangaliana. Joto la kushinda lile lilikataa kuingia vichwani. Msichana niliyekaa naye aliuliza kama huko kuna mto, hata mkavu, ambao mtu anaweza kuchimba mchangani akapata maji kidogo. Katekista alisema hakuna. Hapo ndipo tulipoogopa, maana nchi yenye joto tulikuwa tunaijua, lakini nchi isiyo na mahali pa kuchimba maji hatukuwahi kuisikia.

Siku moja bibi yangu mzaa mama alipita kunichukua. Bibi hakuwa amebatizwa wala hakuwa na mpango huo. Alisimama mlangoni akitafuna tumbaku, akaitazama ile picha kwa utulivu, kisha akamuuliza katekista kwa Kiturkana kuni za moto ule zinaletwa na nani. Katekista akamjibu kwamba moto ule hauhitaji kuni. Bibi akatema pembeni akasema moto usiohitaji kuni ni kitu kizuri sana, aelekezwe uliko, kwa kuwa miguu yake imechoka kutembea kutafuta kuni. Tulicheka hadi katekista akatufukuza wote, na mpaka leo nikipita karibu na ule mtaa huwa nacheka peke yangu.

Mama hakucheka nilipomsimulia. Alikuwa mkarimu wa vicheko kwa mambo mengine yote, ila ahera hakuifanyia mzaha, na sababu yake niliijua tangu nikiwa mdogo kwa sababu haikuwa siri nyumbani kwetu.

Kabla yangu mama alizaa mtoto wa kiume. Wakati huo yeye na baba walikuwa bado wanaishi na mifugo, mbali na mji, na katekista huyohuyo aliwafikia mara moja kwa kipindi. Mtoto alipopata homa, mvua ilikuwa imenyesha milimani, na mto mkavu ulio kati yao na mji ukajaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo. Katekista alikaa upande wa pili akingoja yapungue. Yalipopungua akavuka, akamkuta mama ameshamaliza kulia na baba ameshapanga mawe juu ya kaburi dogo.

Mama alimuuliza mtoto amekwenda wapi. Katekista, ambaye sasa naamini alikuwa akisema tu kile alichofundishwa zamani, alimwambia kuna mahali pa watoto ambao hawakubatizwa. Hapana moto pale. Hapana maumivu. Ila Mungu hawamwoni. Kisha akaongeza jambo ambalo angelimeza tu: kwamba wakati wa hatari Mkristo yeyote anaweza kubatiza, hata mama mzazi, hata kwa maji ya mto. Mama aliutazama ule mto. Hakuwa ameambiwa kabla.

Lakini swali alilomwuliza halikuwa la ubatizo. Alimwuliza, "Mwalimu, na huko nani anambeba?"

Katekista hakuelewa. Mama akamweleza kwamba mtoto alikuwa bado hajasimama, na hakupenda kukaa chini, alikuwa anataka mgongo wa mtu mchana kutwa. Sasa huko, kama ni watoto watupu, nani anambeba? Katekista akasema roho haibebwi. Mama akalihifadhi swali lake miaka yote hiyo kama alivyohifadhi ile ngozi ya kubebea, ngozi ya mbuzi aliyoilainisha mwenyewe kwa mafuta, yenye shanga pembeni. Sisi tuliofuata tulibebwa kwa shuka. Ile ngozi ilikunjwa chini ya nguo zake za kanisani na hatukuruhusiwa kuigusa.

Baba alipopata kazi ya kulinda maghala ya chakula katika kambi ya Kakuma, tuliifunga nyumba ya Lodwar na kuhamia huko. Kambi ilikuwa bado changa. Watu waliotembea kutoka Sudan walikuwa wanajenga vibanda vya udongo na kuezeka kwa chochote, na vumbi la Kakuma, ambalo ni laini kama unga na halina heshima, liliingia katika kila sufuria. Nakipenda kipindi kile. Najua si jambo la kusema mbele ya watu waliofika pale kwa kukimbia vita, lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na michache na kila kitu kilikuwa kipya: malori ya kwenda Lokichoggio, mpakani, ngoma za Jumapili, watu warefu kupita mlango.

Mama, kama wanawake wengi wa kwetu, alikuwa akipeleka kuni kambini na kurudi na unga. Mteja wake mkubwa alikuwa mama mmoja Mdinka wa Sudan aliyepika chai ya tangawizi chini ya turubai karibu na njia ya lori. Sisi tulimwita mama wa chai. Yeye na mama walianza kwa kugombana juu ya ukubwa wa mzigo, wakaendelea kugombana kila siku hadi ikawa hawawezi kukaa bila kuonana. Mama alifika na kumsalimu kwa Kiturkana, "Ejok!" naye mama wa chai alijibu, "Ejok-nooi, leta hiyo vijiti yako nione." Akishapokea mzigo humimina chai, na hapo hukaa wakiongea Kiswahili chao wenyewe, ambacho mwalimu wangu wa shule angekipiga msalaba mwekundu mwanzo hadi mwisho, na ambacho mimi natamani kukisikia tena kuliko Kiswahili chochote kingine.

Walichogombania zaidi kilikuwa ni wafu. Mama alikuwa Mkatoliki wa kutupwa. Kwake watu wengi wakifa hupitia toharani, wanasafishwa, na walio hai huwasaidia kwa sala na misa. Mama wa chai alitoka katika kanisa la Kiprotestanti la kwao, la watu wanaokwenda ibadani wakiwa wamebeba misalaba ya mbao mkononi na kuimba mpaka vumbi linatimka. Kwake mtu akifa amefika, basi, iwe huku au kule.

"Kama imefika, imefika," alikuwa akisema. "Wewe nataka sukuma yeye na misa kama lori imekwama?"

"Ndiyo," mama alijibu. "Lori ikikwama haisukumwi?"

Wakacheka, na chai nyingine ikamiminwa. Ila mama wa chai alikuwa na mzigo wake pia. Walipokimbia mashambulizi alipotezana na mama yake mzazi, na tangu siku hiyo hakupata neno. Kila lori lililotoka Lokichoggio na watu wapya alilitazama kuanzia mbele hadi nyuma, mtungi wa maji mkononi, hadi mtu wa mwisho ashuke. Kisha anarudi kwenye mafiga yake.

Mwaka mmoja, Novemba ilipokaribia, alimweleza mama ndoto. Alikuwa amemwona mama yake kando ya maji, ng'ambo, amesimama tu, haiti wala hapungi mkono. Mama aliporudi nyumbani siku hiyo hakula. Kwake yeye, aliyewahi kuwa na mtu ng'ambo ya maji, ndoto ile haikuhitaji mtabiri. Yule bibi amekufa, yuko toharani, na mtoto wake wa pekee ni wa dini isiyomwombea.

Basi mama akachukua mbuzi jike mweupe, mbuzi mzuri ambaye hata baba alimkodolea macho, akampeleka kwa padri na kuomba misa ya Marehemu Wote isomwe kwa ajili ya mama mzazi wa rafiki yake. Nilikuwepo. Padri, Mzungu mwenye ndevu na viatu vya kandambili, alilisoma jina la bibi yule mbele ya altare, na mama alipiga magoti kwenye sakafu ya mchanga kwa ibada yote. Baada ya hapo, kwa furaha ya mtu aliyefanya jema, alikwenda moja kwa moja chini ya turubai kumpa rafiki yake habari.

Mama wa chai aliweka birika chini. Alikuwa mrefu, na aliposimama mbele ya mama alionekana mrefu zaidi.

"Wewe nazika mama yangu," alisema polepole. "Mimi kila siku naangalia lori. Naangalia, naangalia. Wewe nachukua mbuzi, naenda zika yeye."

"Dada, mimi nilitaka kusaidia tu."

"Chukua kuni yako."

Mama akabeba mzigo wake akarudi nao nyumbani. Sijui kama mtu ambaye hajakaa kwetu anaelewa aibu ya mwanamke kurudi na kuni alizopeleka. Alizishusha nyuma ya nyumba na hakuzipeleka kwa mtu mwingine. Mchwa walizila. Mimi nilimkasirikia mama wa chai kwa ukaidi wote wa umri wangu. Niliona mbuzi yule mzuri, niliona magoti ya mama mchangani, nikasema hana shukrani. Mama aliniambia ninyamaze. "Ana haki," alisema. "Mimi pia kama mtu angeniambia mahali mtoto wangu alipo kabla sijauliza, ningemfukuza."

Walikaa bila kusemezana kipindi chote cha Krismasi. Mama alikuwa akipita na mzigo kwa njia ya mbali ili asionekane pale kwenye turubai.

Halafu, asubuhi moja ya kiangazi, mtoto wa jirani alikuja mbio akisema mama wa chai analia njiani. Mama alitoka bila viatu, mimi nyuma yake. Tulikuta lori limesimama na watu wakishuka, na chini kwenye vumbi mama wa chai amekaa amemkumbatia ajuza mmoja mkavu kabisa, mwenye kiko cha kuvutia tumbaku mkononi. Yule ajuza alikuwa anamgongagonga bintiye mgongoni kwa kile kiko, taratibu, kama anayembembeleza mtoto alale.

Mama alisimama kando. Akafanya ishara ya msalaba, kisha akaguna, nadhani alikuwa akimkumbuka mbuzi. Mama wa chai alimwona. Hakusimama, alinyoosha mkono tu, na mama akaenda akakaa naye vumbini.

Habari ya misa ajuza aliambiwa siku hiyohiyo, bintiye akitafsiri. Alisikiliza yote. Akauliza ilisomwa lini. Walipojaribu kulinganisha wakati, alisema kipindi kile alikuwa amelala mgonjwa kando ya mto, watu aliosafiri nao wameshamwacha kwa kuwa hawezi kutembea. Siku moja akaamka, akaona miguu imerudi, akaanza kutembea tena. Alicheka kwa kinywa kilichokosa meno ya chini, kwani wao kama wazee wetu waliyang'oa ujanani.

"Nasema misa yako ilikosa njia ya mbinguni, ikapita chini kwake," mama wa chai alitafsiri. "Nasema asante kwa mbuzi."

Mama alipomweleza padri, padri alicheka hadi akajifuta macho, akasema sala haipotei. Mama wa chai naye aliendelea kushikilia kwamba misa ni ya kusukumia lori, lakini hakulisema tena kwa sauti kubwa.

Ajuza aliishi nasi zaidi ya mwaka. Nasema nasi kwa sababu mama alikuwa pale kila siku, akimpelekea tumbaku, wakikaa bila lugha yoyote ya pamoja, mmoja akisuka kikapu cha majani ya mkoma na mwingine akivuta kiko. Jioni moja, jua likiwa limeshatulia, ajuza alimtazama mama na kusema jambo. Mama wa chai aliacha kuosha vikombe.

"Nasema wewe iko na mtoto imekufa. Nasema anaona kwa mkono yako, unavyobeba vitu."

Mama akasimulia. Nilikuwa nimeisikia habari ile mara nyingi, lakini safari hii aliifikisha hadi mwisho: homa, mto, mawe, mahali pasipo na moto, na lile swali ambalo katekista hakulijibu. Mama wa chai alitafsiri kipande kwa kipande. Ajuza hakusema pole. Aliuliza maswali, kama mtu anayeulizia njia.

Alikuwa wa kiume au wa kike? Wa kiume. Alikuwa anapenda kubebwa vipi? Mgongoni, mama alisema, ukimbeba mbele analia. Na atamjuaje kati ya watoto wengi?

Mama alifikiri. "Alikuwa na jino moja tu. Hapa chini."

Ajuza akagusa ufizi wake mtupu, akacheka, akasema hilo ndilo hasa yeye hana, kwa hiyo hatalisahau. Kisha akasema kwamba yeye ni mzee, ataondoka kabla ya wote waliokaa pale, na akifika atamtafuta.

Mama alitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini bado alikuwa Mkatoliki. "Mwambie hawezi. Yeye amebatizwa, ataenda kwa Mungu. Mtoto yuko mahali pengine. Huko hawaruhusu."

Mama wa chai akatafsiri. Ajuza alivuta kiko chake, akakitoa mdomoni.

"Nasema yeye imepita mpaka ngapi bila karatasi," mama wa chai alisema. "Nasema huko pia atapita."

Ajuza alikufa mwishoni mwa kiangazi kilichofuata, katika usingizi wa mchana. Mazishi yalikuwa ya kikwao: misalaba ya mbao juu, ngoma, wanawake wakiimba kwa mistari, mchungaji amevaa kanzu nyeupe na jasho limemshika shingoni. Mwili ulivikwa shuka jeupe na kuwekwa kando ya kaburi. Mama alipita katikati ya waimbaji, Mturkana peke yake kati ya watu wote wale warefu, akiwa na kitu chini ya shuka lake. Nilikijua kabla hajakitoa. Zile shanga zilikuwa bado na rangi.

Alimtazama mama wa chai. Mama wa chai aliipokea ngozi kwa mikono miwili, akapiga magoti, akafungua shuka kidogo na kuiweka juu ya kifua cha mama yake. Kisha akafikiri, akaitoa, akamwinua mama yake kidogo kwa mkono mmoja na kuitandaza upande wa mgongo. Kamba zake akazipitisha mbele na kuzifunga fundo.

Mchungaji aliinama akauliza kwa Kiswahili hiyo ni nini.

"Ni kazi yake," mama wa chai alimjibu.

Mchungaji alitazama ngozi, akamtazama mama, akafungua kitabu chake na kuendelea na ibada. Nimekutana na watumishi wengi wa Mungu tangu siku ile, wengine wana elimu ya kutisha, na bado namhesabu yule kuwa mmoja wa walioelewa.

Miaka ilienda. Tulirudi Lodwar baba alipostaafu. Katekista wa fimbo alishazikwa, na picha yake ya moto sijui nani aliirithi. Jumapili moja padri kijana, mtu wa kwetu, alihubiri juu ya watoto wanaokufa kabla ya ubatizo. Alisema kile kisa cha mahali pa pekee kilikuwa mawazo ya watu wa zamani, kwamba Kanisa linawaweka watoto hao katika huruma ya Mungu, na kwamba tuna sababu ya kutumaini. Nilimwaza mama, ambaye siku hiyo magoti yalimzuia kuja kanisani, na nilitoka kabla ya matangazo nikaenda nyumbani karibu mbio, mtu mzima na viatu vyangu vya Jumapili.

Nilimkuta kivulini anasuka. Nilimweleza yote, neno kwa neno, huku nikihema. Alinisikiliza bila kuacha kazi, vidole vikiingiza jani na kulitoa.

"Huyo padri ni kijana mzuri," alisema. "Mwambie asante. Lakini mtoto alishachukuliwa."